Shore na Mgeni wa Mkomamanga

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kama mmeshinda na njaa? Paukwa!
Pakawa!
Haya, sasa nawasikia.

Hapo zamani za kale Shore alijenga kiota katika mkomamanga, uani kwa Bi Mwanahawa. Ndani ya kiota mlikuwa na makinda, hata manyoya hawajaota. Na huyu Shore alikuwa na adabu, adabu ya kupindukia! Ukipiga hodi tu, hujamaliza, yeye keshasema, "Karibu!" Hatazami ni nani.

Siku moja, mchana kweupe, majani yakafanya chakacha, chakacha.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, karibu ndani!"

Kutazama chini, Nyoka!

"Ahsante, mwenye nyumba," akasema Nyoka, naye anapanda. Nyiriri, nyiriri.

"Basi... rudi kesho, ndugu yangu. Watoto wamelala."

"Ndiyo kwanza nafika, unanifukuza? Si umenikaribisha mwenyewe?"

Shore akaona haya. Akaruka tawi hili, akaruka tawi lile. Chozi, ndege mdogo jirani yake, akamwona.

"Shoga, piga kelele!"

"Nitampigiaje kelele mgeni? Majirani watasema nini?"

"Shoga, anapanda!"

"Namwona!"

Nyiriri, nyiriri. Nyoka huyo, kafika kwenye kiota. Ulimi nje, ndani, nje, ndani.

Kinda mmoja akauliza, "Mama, mbona mgeni ananilamba?"

Weee! Adabu ikamtoka Shore yote. "Kwe-kwe-kwe! Nyoka! Jamani, njooni!" Akamdonoa Nyoka jichoni. Chozi akaja, kuku wakaja, Bi Mwanahawa akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nyoka akadondoka, pu! Akatokomea majanini.

Makinda wote wazima. Shore akawafunika kwa mbawa zake mpaka jua likazama. Na hao majirani walisema nini? Hawakusema kitu.

Tangu siku hiyo majani yakichakacha, Shore hupiga kelele kwanza: "Nani? Nani? Nani?" Akishajua ni nani, ndipo huimba. Kwa hiyo ukimsikia anapiga kelele bustanini, usimrushie jiwe. Tazama miguuni pako.

Nanyi wanangu, na mama zenu pia: adabu ni nzuri, lakini usimwonee haya anayekuja kukudhuru. Piga kelele, hata kama hiyo "karibu" umeitoa wewe mwenyewe.

Hadithi yangu naitua hapo. Anayeitaka akalale nayo.