Kipimo cha Bibi wa Mchwa

Paukwa!
Pakawa.
Wenye haraka?
Wametangulia.
Wenye masikio?
Tumebaki.

Basi sikilizeni. Hapo kale, kale sana, palikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba. Ndani waliishi mchwa. Chakula chao kilikuwa uyoga walioulima wenyewe, katika bustani tatu chini ya ardhi. Uyoga ule haukuvumilia joto. Ukifa uyoga, watoto wa mchwa hufa kwa njaa.

Juu ya kichuguu palikuwa na matundu ya kutolea joto. Upana wa kila tundu ulikuwa kipapasio kimoja, yaani urefu wa ile pembe laini ya kichwani ambayo mchwa hupapasia, maana macho hana. Kipimo hicho waliachiwa na bibi yao wa kwanza. Wakichimba, waliimba:

Kipimo cha bibi, kipapasio kimoja,
Kisizidi, kisipungue, kipapasio kimoja.

Mwaka mmoja jua likaja kali, likakaa. Bustani ya kwanza ikanyauka. Mtunza bustani, Bi Nyamizi, akapanda kwa fundi mkuu, Mzee Magoha.

“Shikamoo, mzee. Uyoga unakufa. Tupanue matundu.”

“Marahaba. Uyoga umefia mikononi mwako, leo kosa ni la tundu?”

“Ni joto, mzee.”

“Joto bibi alilijua. Ndiyo maana akapima.”

Bi Nyamizi akatoka kwenda kuuliza majirani.

Akamkuta Dundu akisukuma donge la mavi ya ng'ombe. “Ndugu Dundu, jua hili unaliwezaje?”

“Mchanga ukiniunguza, napanda juu ya donge. Lina ubaridi. Miguu ikipoa, nashuka, nasukuma. Baba alipanda mara moja kwa safari. Mimi napanda mara kumi.”

“Na harufu je?”

“Harufu huisikia mgeni, dada.”

Akaenda, akaenda, akamkuta Nyuki akinywa maji kwenye tope. “Nayapeleka mzingani,” alisema Nyuki. “Tunayamwaga juu ya masega, tunapepea kwa mabawa. Mama zetu walichota wakati wa kiangazi tu. Sisi tunachota hata masika. Asali imepungua, ila watoto wazima.”

Akaenda, akaenda, akamkuta Kipepeo akielekea mlimani. “Bondeni pamenishinda,” alisema Kipepeo. “Mama alinizaa bondeni, mimi nitazalia mlimani.”

“Huoni uchungu kuhama?”

“Ninao. Nahama nao.”

Bi Nyamizi aliporudi, bustani ya pili ilikuwa imekufa. Ilibaki moja. Akapanda tena kwa Mzee Magoha. Safari hii mzee hakumdhihaki.

“Binti yangu,” alisema, “jirani zetu walikuwa na matundu mapana. Siafu wakaingia kama maji. Ndugu zangu saba walikuwa humo. Mimi si mkaidi. Naogopa.”

Bi Nyamizi akaketi karibu naye. Kisha akauliza, “Siafu hupita wakati gani?”

“Jua likipoa. Jua kali huwaua hata wao.”

“Basi tupanue jua likiwaka, tuzibe likipoa.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Hiyo ni kazi ya kujenga upya kila siku, Nyamizi.”

“Ndiyo, mzee.”

Mzee Magoha akainuka. Halafu akaenda mwenyewe kwenye tundu la kwanza, akalichimba mpaka likafika vipapasio viwili. Hakuna aliyeimba.

Siku ile walichelewa kuziba. Siafu wakawaua walinzi thelathini kwenye matundu. Mchwa wakalia. Kesho yake wakapanua tena, wakaanza kuziba mapema. Wakawa hivyo siku zote, wakichoka kuliko mchwa wote waliowatangulia. Bustani ya tatu ikapona, na watoto wakala.

Baadaye vijukuu walimwuliza Mzee Magoha, “Babu, tundu lina kipimo gani?”

Naye akawajibu, “Tokeni nje kwanza, mlipapase jua. Mkirudi, tutapima.”

Ndugu zangu, bibi hakukosea. Alilipima jua lake. Anayemheshimu naye alipime la kwake, na asimcheke anayeogopa kupima, maana hajui mwenzake alizika nani.

Ngano yangu nimeitua hapa. Palipo patamu gawaneni, palipo pachungu niachieni mimi.