Mkono wa Mwana Mize

Nikisema "Kisa!" nyinyi mseme "Kije tukisikie!" Haya. Kisa! Mbona sauti kama za watu walioshinda njaa? Kisa! Naam, hapo sawa.

Hapo kale, kale ambayo bibi yangu aliikuta ikisimuliwa na bibi yake, palikuwa na mji ukiitwa Shumbwini. Mji wa mawe, mji wa milango ya nakshi, mji wa watu waliojiona. Nje ya lango la mji palikuwa na kisima, na kando ya kisima palisimama sanamu ya malkia aliyekichimba, Mwana Mize. Alikuwa amenyoosha mkono mbele, na mkononi ameshika kata. Wewe Tunu unacheka nini? Kata yenyewe huijui. Ni kifuu cha nazi chenye mpini, cha kutekea maji. Ila hii ya malkia ilikuwa ya jiwe, jiwe moja na mkono wake.

Na desturi ya pale ilikuwa hivi. Kila mwanamke aliyekwenda kuteka, kata yake ya kwanza hakuitia mtungini. Aliimimina katika kata ya malkia. Maji yakajaa, yakamwagika, yakashuka, yakaingia katika birika dogo la jiwe miguuni pake. Hapo ndipo alipokunywa mpita njia asiye na chombo, mgeni asiye na mwenyeji, mtoto asiye na mama. Na wanawake waliteka wakiimba: "Ya kwanza ya Mwana, ya pili ya mtungi! Ya kwanza ya Mwana, ya pili ya mtungi!"

Vizuri, sivyo? Subirini msikie na ubaya wao. Mwenye kwao alikunywa kwa kata yake, amesimama wima. Aliyeinama birikani alijulikana kuwa hana kwao. Watoto wakigombana, tusi la mwisho kabisa lilikuwa hilo: "Nenda zako, mnywa birikani!" Ukishatupiwa hilo, huna la kujibu. Unakwenda kulia nyuma ya nyumba.

Basi katika mji huo alikuwepo fundi wa mawe, Shali, hodari kuliko mafundi wote. Kanzu yake nyeupe, nyumba yake kubwa, mkewe Bi Somoe mwenye maneno yake. Kila mtu alimdhania mzaliwa wa pale. Lakini Shali alikuwa na jambo lake moyoni. Utotoni, mwaka wa njaa, bibi yake alimbeba mgongoni kutoka bara, akamtua mbele ya birika lile, naye akainama akanywa mpaka tumbo likawa gumu. Bibi hakuishi sana. Fundi mmoja mzee akamchukua mtoto akamwita mwanawe, na waliokuwa wakijua wakafa mmoja mmoja. Shali hakumwambia mtu, hata mkewe. Akipita kisimani aliangalia upande wa pili. Aliona haya. Haya ya nini, wajukuu zangu, kwa kunywa maji? Lakini haya haiulizi sababu. Aliona haya, tena sana.

Siku moja mfalme wa Shumbwini, Mwinyi Dadi, akamwita barazani.

"Shali, binti yangu anaolewa. Wanakuja wageni wa miji yote. Ni vizuri kweli, malkia wetu kukaa kule nje na mitungi na mbuzi?"

"Si vizuri, Mwinyi."

"Basi mlete hapa katikati ya mji, mbele ya baraza langu. Msafishe, mzibe nyufa, apendeze. Na hicho kibonge alichoshika mkononi, chenye ukoga, ni kitu gani? Mimi kule hupita kwa mbali tu."

Sasa hapo, wajukuu zangu, ndipo pa kukaa kimya tusikilize. Shali alijua ni kata. Angeweza kusema, "Mwinyi, ile ni kata, ndiyo inayonywesha wageni." Maneno mepesi hayo. Akafungua mdomo, na mdomo ukasema: "Ni uchafu tu wa maji, Mwinyi. Nitauondoa."

Uchafu! Kitu kilichomwokoa roho yake, akakiita uchafu.

Akaenda na nyundo na tindo. Ko! Ko! Ko! Kata ikamegeka, vipande vikaanguka birikani. Akasugua kiganja kwa mchanga mpaka kikawa laini. Akaziba nyufa kwa chokaa, akaosha uso wa malkia, na malkia akapendeza, hilo siwezi kumnyima. Kisha wanaume wakaja na magogo na kamba. Wakavuta wakiimba, magogo yakabingirika, malkia akaingia mjini polepole, akasimamishwa mbele ya baraza akiutazama mlango wa mfalme.

Jioni Bi Somoe akamsubiri mumewe uani, mkono kiunoni.

"Bwana, kata ya Mwana Mize umeipeleka wapi?"

"Kata gani? Ilikuwa imeshaoza."

"Jiwe nalo huoza?"

"Somoe, niache nile."

"Kula. Lakini utakuja kuniambia, jiwe linaozaje."

Shali akala haraka, akaenda kulala.

Na kule kisimani? Mwanzoni wanawake walimimina kata ya kwanza chini, pale alipokuwa amesimama malkia. Ikawa tope tu. Mmoja akasema, "Tunamwagilia nini hapa?" Wakaacha. Wimbo nao ukabadilika: "Ya kwanza ya mtungi, ya pili ya mtungi!" Birika likakauka, mijusi wakaota jua humo.

Siku ya harusi ikafika. Ngoma huku, pilau kule, wageni wamejaa barazani na majoho yao. Mgeni mmoja mcheshi, aliyekuwa akila tende, akaitazama sanamu. Akautazama mkono ulionyooshwa, kiganja kitupu kimeelekea juu, na mlango wa mfalme mbele yake. Akacheka.

"Jamani watu wa Shumbwini! Malkia wenu anaomba nini? Hamumlishi?"

Akatoa kokwa ya tende mdomoni, akaiweka katika kiganja cha Mwana Mize. Baraza zima likaangua kicheko. Mwinyi Dadi akacheka kidogo ili asionekane amekasirika, lakini masikio yalimuwaka. Hapo ndipo wenyeji walipouona mkono ule kwa macho ya wageni. Kumbe malkia wao walikuwa wamemfanya ombaomba.

Na bado. Katikati ya kicheko hicho akatokea bibi kizee, miguu imejaa vumbi, mgongoni amebeba mjukuu, midomo ya mtoto imepasuka kwa kiu.

"Ametoka wapi huyu?" wakaulizana.

"Nimetoka kisimani, wanangu," akasema. "Niliomba maji. Wakaniambia wana haraka ya harusi."

Kisha akamwona malkia na mkono wake. Akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu wa kwenu. Akafungua pindo la nguo yake, akatoa kipande cha kiazi kikuu cha kuchoma, akakimega. Nusu akampa mjukuu. Akaiondoa ile kokwa kiganjani, akapafuta kwa kidole, akaweka pale nusu ya pili.

"Pole, mama," akaiambia sanamu. "Nawe pia hawakukupa?"

Ngoma ikanyamaza. Watu wakatazama chini, wageni wakatazama chini, hata yule mcheshi akawa anahesabu vidole vyake vya miguu.

Mwinyi Dadi akasimama. "Shali! Lete nyundo. Ukate mkono huo sasa hivi. Tumeaibika vya kutosha."

Shali akaja. Akaweka tindo kwenye kifundo cha mkono wa malkia, akainua nyundo. Na pale nyuma yake mtoto akasema, "Bibi, maji je?"

Shali akageuka akamtazama mtoto. Nyundo ikaanguka.

"Siwezi, Mwinyi."

"Huwezi nini?"

"Mkono huu hauombi. Unatoa. Ulikuwa na kata, mimi nikaivunja. Nilikwambia ni uchafu, na nilijua ni kata. Nilijua kuliko mtu yeyote hapa."

"Ulijuaje?"

Shali akamtazama mkewe, akawatazama mafundi wenzake. Akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Kwa sababu nilinywa maji yake. Bibi yangu alinileta kama huyu mtoto, nikainama birikani nikanywa. Niliona haya kila nilipoiona kata ile. Nikaivunja ili nisiione tena."

Kutoka nyuma ya umati sauti ikapayuka: "Kumbe mnywa birikani!"

"Ndiye mimi," akasema Shali. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Bi Somoe akapita katikati ya watu. Alikwenda kwenye mtungi wa harusi, akateka, akampa mtoto, akampa bibi kizee, akangoja wamalize. Ndipo akamgeukia mumewe. "Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja, na wewe umenificha kisa cha maji tu?" Akamshika mkono. Mwinyi Dadi akajifunika uso kwa ncha ya kilemba. "Mrudisheni," akasema. "Mrudisheni alikotoka."

Magogo tena, kamba tena, na safari hii hakuna aliyeimba. Shali akachonga kata mpya, akaiunga na mkono kwa chokaa. Lakini jiwe jipya lilikuwa jeupe na mkono ulikuwa wa kijivu, kiungo kikaonekana waziwazi. Mafundi wakamwambia, "Kipake chokaa kiungo hicho, pasijulikane." Akasema, "Hapana. Aibu ni yangu, acheni ikae mahali pake."

Bi Somoe akamimina kata ya kwanza. Maji yakajaa, yakamwagika, yakashuka, birika likajaa. Na mbele ya mji mzima, Shali na kanzu yake nyeupe akapiga magoti topeni, akainama, akanywa. Mwinyi Dadi alitazama kutoka mbali, hakunywa. Wako watu haya yao haishuki magotini.

Lakini tusi lile likafa. Utamwambia nani "mnywa birikani", naye akakujibu, "Kama fundi Shali"? Na kila mgeni aliyepiga magoti pale aliona, juu ya kichwa chake, mahali kata ilipovunjwa na mahali ilipoungwa.

Basi wajukuu zangu, mtu asikionee haya chombo kilichomwondolea kiu. Na mji usijipambe kwa kitu ulichowanyang'anya wenye kiu.

Kisa nimekitua, aliyekipokea na akibebe. Tunu, inuka, nasikia mtu anapiga hodi. Usianze kumuuliza jina lake wala anakotoka. Mpe maji kwanza.