Kura ya Kwanza katika Shimo la Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Sogeeni. Riziki, acha kununa huko mlangoni, njoo ukae kwenye mkeka, hapa karibu yangu. Mnadhani sikuwaona leo mchana? Nilikuwa nachambua mchicha, lakini masikio yote yalikuwa kwenu. Mlikuwa mnacheza ule mchezo wenu wa mchawi. Mmefumba macho, mchawi kachagua wa kumla. Mmefumbua macho, mmeanza kutafutana. Na raundi ya kwanza tu, hamjui hili wala lile, mkamtoa nani? Mkamtoa Riziki. Kwa nini? Eti kainamisha kichwa! Na mchawi alikuwa nani? Alikuwa Mbwana, huyo anayejificha nyuma ya mama yake. Na nyie wakubwa msicheke sana. Kwenye mikutano yenu mnafanya vivyo hivyo.

Basi. Hapo zamani za kale, moto ulishika nyika. Vuuu! Vuuu! Ukala majani, ukala vichaka, ukala mpaka viota vya ndege. Ulipozima, nje kulikuwa kweusi tii. Majivu matupu. Hapakuwa na hata kijiti cha kujifichia. Na juu angani mwewe wanazunguka, wanazunguka, wanangoja atakayechungulia.

Wanyama wadogo wakakimbilia shimo la Muhanga. Muhanga mnamjua? Yule mwenye masikio ya punda na pua ndefu, anayechimba ardhi na kula mchwa. Shimo lake lilikuwa kubwa, lina vyumba na vichochoro. Akasema, "Piteni, piteni. Shimo ni letu sote. Lakini tule kiapo. Humu ndani hakuna kuliwa mtu."

Wakala kiapo. Akaapa Pimbi, yule wa mawe, mdomo wake haujui kupumzika. Akaapa Digidigi, mwoga, kishindo kidogo tu moyo unamruka. Akaapa Nungunungu na miiba yake mgongoni. Akaapa Mama Kware, mwenye vifaranga vyake chini ya mbawa. Akaapa na Fungo, kama paka mkubwa, mwenye madoadoa meusi na meupe, mpole, sauti yake laini.

Wakakaa. Mizizi ilikuwa inaning'inia darini, wakala mizizi. Mchwa walikuwemo ukutani, Muhanga na Mama Kware wakala mchwa. Fungo naye alisema anapenda sana mizizi. Alisema tu. Mimi sikumwona akila.

Asubuhi moja shimo likajaa kilio.

"Wanangu! Mmoja hayupo! Wanangu jamani!"

Mama Kware huyo, anazunguka, anainua ubawa huu, anainua ubawa ule. Kifaranga chake cha mwisho, kile kidogo kilichopenda kulala chini ya ubawa wa kushoto, hakipo. Chini kumebaki manyoya mepesi tu. Maskini, mama wa watu aliyaokota manyoya yale na mdomo, akayarudisha chini ya ubawa, kana kwamba yatapata joto.

Mlango ulikuwa umezibwa kwa udongo usiku kucha. Hakuna aliyetoka, hakuna aliyeingia. Kwa hiyo mlaji ni nani? Mlaji ni mmoja wao. Wakaanza kutazamana kwa pembe za macho.

Muhanga akakohoa, khu khu! Akasema, "Desturi ya shimo mnaijua. Tutapiga kura. Kila mtu ang'oe unyoya wake mwenyewe, auweke mbele ya yule anayemshuku. Ukibadili mawazo, utang'oa mwingine, na wa mwisho ndio kura yako. Ule wa kwanza hauhesabiwi, lakini hauokotwi. Ukishaanguka umeanguka. Mwenye kura nyingi anatoka nje."

Nje! Kwenye majivu! Kwa mwewe!

"Ila," Muhanga akamaliza, "mwenye msiba anaweka wa mwisho. Bila unyoya wa Mama Kware, hakuna anayetoka."

Haya, kura ikaanza. Wanajua nini? Hawajui kitu. Wameona nini? Hawajaona kitu. Lakini kila mtu anataka mtu atoke, hofu itoke naye. Na kila mtu anaomba moyoni asiwe yeye.

Pimbi akaruka wa kwanza. "Mimi nasema ni mwenye nyumba! Tazameni kucha zile! Kucha za nini zile kama si za kuulia?" Akang'oa unyoya, pya! Akauweka mbele ya Muhanga.

Fungo akatikisa kichwa polepole. "Mimi sipendi kumsema mtu. Lakini kweli, kucha zile..." Pya! Naye akaweka wake mbele ya Muhanga.

Muhanga akacheka mpaka masikio yakapigana. "Mimi? Na vijino hivi vya kutafunia mchwa? Kifaranga ningekimeza kizima, wallahi kingeniganda kooni!"

Wengine nao wakacheka. Ikaonekana si Muhanga.

Digidigi akasema, "Mimi naona... naona ni Pimbi. Ana yale meno ya mbele. Na mbona kajitia kusema wa kwanza?" Pya! Akaweka wake mbele ya Pimbi.

Fungo akaguna, "Mmh. Hilo nalo neno." Pya! Akang'oa mwingine, akauweka mbele ya Pimbi.

Pimbi akaruka juu, kidogo agonge dari. "Mimi! Mimi mla majani! Enyi watu, mbona hamumwoni huyu aliyekaa kimya? Nungunungu mbona hasemi kitu? Tangu asubuhi hajafungua mdomo! Haya Nungunungu, tuambie, umekula mtoto wa watu?"

Macho yote yakamgeukia Nungunungu.

Na Nungunungu akafanya nini? Akawageuzia mgongo, pua ukutani. Miiba ikasimama. Cha-cha-cha! Cha-cha-cha!

"Mnaona!" Pimbi akapiga kelele. "Tunamuuliza, anatupa mgongo!"

"Dharau!" akasema Digidigi. "Dharau kwenye msiba!"

"Asiye na hatia angetutazama usoni," akasema Fungo kwa ile sauti yake laini. Pya! Wa kwake ukaanguka nyuma ya Nungunungu, maana mbele hakukufikika. Pya! Wa Pimbi. Pya! Wa Digidigi.

"Na wewe kura yako, Nungunungu?" akauliza Muhanga.

Sauti ikatoka kule ukutani, ndogo sana. "Mimi sijui ni nani. Nitamtajaje mtu?"

"Anakataa na kupiga kura!" Pimbi akasema. "Basi ndiye!"

Mnaona mambo hayo? Akisema, amesema sana. Akinyamaza, ana lake jambo. Ndio mchezo wenu wa leo mchana huo, wanangu.

Wote wakamgeukia Mama Kware. Akang'oa unyoya kifuani, akaushika mdomoni. Akaenda mpaka karibu na Nungunungu. Alikuwa na hasira, msiniulize. Alitaka mtu alipe. Yeyote. Pale pale. Unyoya ule ungeanguka, mchezo ungekwisha, Nungunungu angekuwa wa mwewe.

Lakini alipokaribia akaona kitu. Miiba ilikuwa inalia cha-cha-cha, na Nungunungu hakuwa anaitikisa. Alikuwa anatetemeka mwili mzima.

Akaubana unyoya chini ya ubawa wake, akauliza, "Unatetemeka?"

"Ndiyo, mama."

"Na mbona umetugeuzia mgongo?"

"Mama, nikiogopa nageuka. Ndivyo nilivyozaliwa. Mbele nina pua tu. Ulinzi wangu wote uko nyuma. Sikuwadharau, mama. Pole na mtoto. Alizoea kunipanda kichwani, nikawa siinui shingo mpaka ashuke mwenyewe."

Mama Kware akasimama pale.

"Weka unyoya, mama," Fungo akabembeleza. "Tumalize haya, upumzike. Umechoka. Lazima mtu atoke leo, ili moyo wako utulie."

Mama Kware akainamisha kichwa, akaanza kuchakura. Kware wote wakiwaza huchakura. Paru, paru, paru. Akachakura nyuma ya Nungunungu, akaona unyoya wa Pimbi, wa Digidigi, na mmoja wenye rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Akaenda akachakura mbele ya Pimbi. Paru, paru. Akaona wa Digidigi, na mmoja wenye rangi mbili. Akaenda mbele ya Muhanga. Paru, paru. Wa Pimbi. Na mmoja wenye rangi mbili.

Akainua kichwa. "Fungo baba, ulimshuku Muhanga?"

"Kidogo, mama."

"Na Pimbi?"

"Naye kidogo."

"Na Nungunungu?"

"Huyo sana!"

"Kwa nini?"

Fungo akameza mate. "Kwa sababu... si wenzangu wamesema?"

Mama Kware akasema polepole, "Pimbi alikosea, lakini alikosea kwa akili yake. Digidigi amekosea kwa hofu yake. Wewe kila mtu akitajwa, wewe upo. Mimi namtafuta aliyemla mwanangu. Wewe, baba, unatafuta yeyote."



"Ndiye!" Pimbi akaropoka. "Fungo ndiye! Atoke!" Mkono umeshafika kwenye manyoya.

"Tulia, Pimbi!" Mama Kware akamkemea. "Sitamtoa mtu kwa sababu ya manyoya, kama nisivyomtoa huyu kwa sababu ya mgongo. Kushuku si kujua. Leo hatoki mtu." Akaurudisha unyoya wake kifuani.

"Basi tutalala na mwuaji humu ndani!" Digidigi akalia.

"Tulilala naye jana," akasema Mama Kware. "Leo angalau tunajua kwamba yumo."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akawaita vifaranga wake, kwi-kwi-kwi, akawapeleka kwenye kichochoro kule mwisho. Akamwambia Nungunungu, "Lala hapa mlangoni pao. Mgongo wako uelekee kwetu."

"Umepagawa, mwanamke wewe!" Pimbi akashika kichwa. "Unamkabidhi yeye watoto?"

"Nikikosea, nitakayelia ni mimi."

Mimi nawaambia, yule mama alipiga moyo konde, na moyo wenyewe ulikuwa umebaki kidogo tu.

Mchana ukafika, jua likawaka juu ya majivu, shimo likawa na joto la kusinzisha. Muhanga akakoroma. Digidigi akafumba macho. Pimbi akalala katikati ya sentensi. Kimya.

Mara, "Yalaaa! Mama weee! Nakufa!"

Cha-cha-cha-cha!

Wakaruka wote. Wakakimbilia kichochoroni. Wakamkuta nani? Msinitajie, mnamjua. Fungo, mwiba mmoja puani, mwingine kwenye kiganja, machozi yanamtiririka. Vifaranga wako salama nyuma ya Nungunungu, wamebanana, macho makubwa.

"Nilikuwa nawafunika!" Fungo akalia. "Nilikuwa nawafunika wasipate baridi!"

"Baridi?" akasema Pimbi, jasho linamdondoka kidevuni.

Basi wakapiga kura tena. Safari hii hakuna aliyemfuata mtu. Pya! Pya! Pya! Nungunungu naye akang'oa mwiba wake, akauweka. Akabaki Mama Kware.

Fungo akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Njaa ilinizidi. Mizizi ilinishinda tangu siku ya kwanza, nikaona haya kusema."

Mama Kware alilia. Msidhani hakumwonea huruma. "Ungesema, baba. Ungesema una njaa, tungekutafutia hata jongoo. Ulimla mwanangu, halafu ukataka afe na mwenzako asiye na kosa." Akaweka unyoya wake chini mbele ya Fungo.

Wakazibua mlango. Fungo akatoka kwenye majivu, anachechemea, mwiba puani. Kama mwewe walimpata au hawakumpata, sijui. Ila mpaka leo Fungo hutembea peke yake, akisikia wenzake anaambaa pembeni.

Ndani, Pimbi alikuwa amekosa la kusema, na kwa Pimbi huo ni ugonjwa. Mwishowe akaenda kuokota unyoya wake nyuma ya Nungunungu.

"Acha," akasema Mama Kware. "Hauokotwi. Ubaki pale, tuwe tunauona."

Pimbi akaurudisha chini. Akasema, "Nungunungu, ndugu yangu, nilikukosea." Digidigi akasema, "Na mimi."

Miiba ikalala. Polepole, polepole, Nungunungu akageuka. Ndiyo mara ya kwanza wakauona uso wake sawasawa. Pua tu, ndogo, imelowa machozi. Na kifaranga mmoja akatoka nyuma yake, akapanda kichwani pake, akakaa pale alipokuwa akikaa ndugu yake. Nungunungu hakuinua shingo.

Mama Kware akakitazama kwa muda mrefu. Hakukiita.

Sasa nisikilizeni, wadogo kwa wakubwa. Siku ya kwanza hamjui kitu, kwa hiyo msione aibu kusema hamjui. Usimtoe mwenzako kwa sababu kanyamaza, au kageuka, au kainamisha kichwa. Weka kura yako kwa sababu yako mwenyewe, kisha angalia za wenzako zimeanguka wapi. Aliyeumizwa anamtaka mkosaji. Mkosaji anamtaka yeyote. Na kama hamna hakika, asitoke mtu, ila laleni karibu karibu, na watoto muwaweke mahali penye miiba.

Riziki huinamisha kichwa kwa sababu ana haya, na haya hiyo kazaliwa nayo. Ehe, Mbwana, unakwenda wapi? Unakuja kukaa naye? Haya, mpishe, Riziki, mkeka unatosha.

Hadithi yangu imefika mwisho wa shimo. Aliyeisikia atoke nayo, aliyesinzia amuulize jirani yake kesho.