Kibao cha Jina Moja

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, maana baiskeli za gia zilikwisha kuingia milimani, palikuwa na mgahawa huko Usambara, juu kabisa ya barabara yenye kona saba. Mgahawa wenyewe ulikuwa vyumba viwili vya udongo, paa la bati, mabenchi manne na meko moja kubwa. Lakini waliofika pale walifika wamechoka, na mtu aliyechoka haulizi kuta zimepakwa rangi gani.

Nani hao waliofika? Tegeni masikio, maana ni watu wa ajabu. Kulikuwa na watembeaji: watu wenye magari yao mazima, wanayaacha mjini, wanakuja kutembea kwa miguu kutwa nzima bila kutumwa na mtu. Kulikuwa na wapanda miamba: wanajifunga kamba, wanaparamia jabali, wakifika juu wanapiga picha, kisha wanashuka tena. Na kulikuwa na waendesha baiskeli: wanapanda kona zote saba huku wakijilaani, na Jumamosi ijayo hao wanarudi! Watu hawa wote walikuwa na chama kimoja, na chama chao kilikuwa na kibao.

Basi kibao hicho, wenzangu, kilikuwa cha mvule, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa. Kila baada ya miaka minne chama kilikitoa kwa mgahawa mmoja tu, milima yote. Na juu yake huchomwa jina kwa msumari wa moto. Si jina la mgahawa, wala la ukoo. Ni jina la mtu mmoja, yule aliyewafanya wageni watamani kurudi. Kuanzia siku hiyo kila mpita njia angelisoma jina hilo, na watu wangeambizana, "Twende tukale kwa fulani."

Waamuzi walikuwa watatu: mtembeaji mmoja, mpanda miamba mmoja, mwendesha baiskeli mmoja. Walikuja kila mmoja kwa siku yake, bila kujitambulisha. Kila mmoja alikuwa na alama kumi za kutoa, na kadi aliijaza kabla hajainuka kwenye benchi. Na mwamuzi ambaye saa kumi jioni ya siku ya mwisho ingemkuta hajaketi mezani, alama zake kwa mgahawa huo zilikuwa sifuri. Hawakuwa na mzaha watu wale.

Sasa kwenye mgahawa wetu wa kona saba alikuwapo mpishi, jina lake Mkunde. Aliolewa pale akitoka Upare, na mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana Idi hadi Idi. Miaka kumi na moja Mkunde alipika. Watu walikula makande yake wakafuta sahani kwa kidole, kisha wakatoka nje wakisema, "Aisee, tumeshiba kwa Mzee Singano!" Kwa Mzee Singano! Mzee ambaye hajui hata chumvi inawekwa wapi! Mkunde alikuwa akitabasamu, na moyo ukimuuma. Alikitaka kibao kile. Alikitaka mpaka alikuwa akikiota mchana, mwiko mkononi. Hakumwambia mtu.

Mzee Singano alikuwa baba mkwe wake. Ndiye aliyeujenga mgahawa, na sasa kazi yake ilikuwa kukaa karibu na meko, kunung'unika, na kukausha viatu vya wageni. Alivijaza maganda ya maharage yaliyopashwa moto, akavipanga kando ya majivu. Nyumbani pia alikuwapo Zaina, bintiye, wifi yake Mkunde, mwanamke wa miraba minne mwenye kicheko cha kusikika kona ya tatu. Zaina alipokea wageni, akabeba mabegi, akaziba pancha.

Ikafika siku ya mwisho. Mvua ilinyesha, ukungu ukashuka, na ndani ya mgahawa kila mgeni alishukiwa kuwa mwamuzi.

"Wifi," Zaina alinong'ona, "yule mwenye miwani ndiye. Ameomba chumvi mara mbili."

"Mwamuzi gani anaomba chumvi kwenye makande yangu?" Mkunde alimjibu. "Huyo ni mtu tu."

Saa tisa na nusu Mzee Singano aliinua mkono. "Nyamazeni!"

Wote wakageukia meko.

"Mbwa wa kona ya tano wamebweka," Mzee alisema. "Wa kona ya sita hawajabweka."

Mnaelewa maana yake? Kila kona ilikuwa na nyumba, kila nyumba ilikuwa na mbwa, na hakuna mbwa wa milima ile aliyependa baiskeli. Mtu akipanda, mbwa wa kona ya kwanza wanamfukuza, wanampokeza kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, hivyo hivyo mpaka juu. Mzee alikuwa akihesabu wageni kwa njia hiyo. Alikuwa akisema, "Sahani mbili, mkamwana," na Mkunde alipakua mbili, na wageni wawili waliingia mlangoni wakihema.

"Labda amesimama kupumzika, Baba," Mkunde alisema.

"Kwenye mvua hii? Anayesimama pale ameanguka."

Zaina hakungoja la pili. Alichukua toroli la kubebea kuni, akatimka nalo barabarani, matope yakiruka hadi mgongoni. Kona ya saba, akapita. Kona ya sita, akapita. Chini kidogo akamkuta mwanamume mkubwa, mnene, ameketi kwenye mtaro, midomo inamcheza, ameikumbatia baiskeli yake.

"Kaka, panda toroli!"

"Baiskeli kwanza," mtu yule alisema.

"Kaka yangu, utakufa hapa!"

"Baiskeli... kwanza."

Mtu hana nguvu ya kupangusa kamasi, lakini kwa baiskeli yake habanduki! Zaina alifanya nini? Aliivaa ile baiskeli mgongoni, akamzoa mtu akamtupa ndani ya toroli, akaanza kupanda. Ndala ya kushoto ilikatika kwenye kona ya sita. Ya kulia ilikatika kwenye kona ya saba. Alipanda pekupeku juu ya kokoto, analia, anacheka, anasukuma.

Alipoingia, saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika sita. Walimketisha mgeni kwenye benchi, Mzee akamshika asianguke. Watu walimzunguka, kila mmoja daktari.

"Mpeni maji!"

"Mpeni chai ya moto!"

"Mvueni soksi!"

Mkunde aliwasukuma wote kwa kiwiko. Aliitazama mikono ya yule mtu jinsi ilivyotetemeka, akaligusa jasho la baridi shingoni. Miaka kumi na moja alikuwa amewalisha watu hawa, na alijua kitu.

"Huyu haumwi," alisema. "Amepanda bila kula. Tumbo tupu limemwangusha."

Alichukua ndizi mbivu, akaiponda na asali, akapasha uji mwepesi. Kijiko cha kwanza mtu alikitema. Mkunde alimfuta. Cha pili alikitema. Mkunde alimfuta, akamwambia kwa upole, "Baba, meza. Meza kidogo tu kwa ajili ya baiskeli yako." Cha tatu akameza! Cha nne akameza mwenyewe. Macho yalirudi, midomo ikatulia, na baada ya uji Mkunde akamwekea makande na kipande cha parachichi. Mtu alikula huku machozi yakimtiririka, akamaliza, akaomba sahani nyingine, akamaliza na hiyo.

Kisha alitia mkono kifuani, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na kadi. Akaanza kuandika. Zaina alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Ndiye! Ndiye mwamuzi!

Jumamosi iliyofuata katibu wa chama, Bwana Kaniki, alipanda kona zote saba na kibao begani, jiko dogo la mkaa mkononi, na msumari mrefu mfukoni. Nyuma yake walikuja watembeaji, wapanda miamba na waendesha baiskeli, na mbwa walibweka mpaka sauti zikawakauka.

"Mgahawa wa ng'ambo ya bonde," Bwana Kaniki alitangaza, "ule wenye madirisha ya vioo na mashine ya kahawa, umepata alama ishirini na tisa."

Watu waliguna. Ishirini na tisa! Ni nani atakayezipita?

"Mgahawa huu. Mtembeaji, kumi!" Akasoma kadi: "Nilivua viatu vimelowa chapachapa, nikarudishiwa vikavu, vya moto, na masimulizi juu."

Mzee Singano alikohoa kwa fahari.

"Mpanda miamba, kumi! Ameandika: Vidole vilikuwa vimechubuka, nikafungwa kitambaa na mwanamke aliyenichekesha mpaka nikasahau maumivu."

Zaina alicheka, na kona ya tatu walimsikia.

Mkunde alisimama mlangoni na mwiko wake. Viatu vimetajwa, kicheko kimetajwa. Makande je?

"Mwendesha baiskeli," Bwana Kaniki alisema, "kumi! Ameandika maneno matatu: Nilisikiwa, nikabebwa, nikalishwa."

Thelathini! Enyi watu, thelathini kwa thelathini! Vigelegele vilipigwa, masufuria yakagongwa, wapanda miamba wakamrusha Mzee juu wakamdaka. Mkunde alijikuta amekumbatiana na mtu asiyemjua.

Makaa yakawaka, msumari ukawekwa motoni. "Haya," Bwana Kaniki alisema, "jina la nani?"

Pakazuka kelele.

Mzee Singano alisema, "Mimi nilisikia. Nisingesikia, Zaina angemfuata nani? Mkunde angemlisha nani? Saa kumi ingepita, na leo mngekuwa ng'ambo mnakunywa kahawa ya mashine. Tena kibao kingine ni baada ya miaka minne. Mimi nina themanini na mmoja. Fikirini wenyewe."

Zaina alisema, "Baba, ulisikia ukiwa umekaa! Kusikia kungemleta hapa? Nilimleta mimi, yeye na chuma chake, pekupeku." Akanyoosha miguu, na vitambaa vilikuwa bado vimefungwa. "Niliporudi hapa kutoka kwa mume wangu, nyote mlisema Zaina hajui kitu ila kucheka. Liandikeni basi jina la mcheka ovyo!"

Watu walipiga makofi. Ndipo Mkunde aliposogea mbele.

"Mlimsikia, mlimbeba, na mlipomweka mezani alikuwa hawezi kushika kalamu. Nani alimpa mkono wa kuandika hiyo kumi? Na hii si zahanati, ni mgahawa. Mgahawa ni chakula. Nimepika hapa miaka kumi na moja, na sijawahi kusikia mtu akisema amekula kwa Mkunde. Nalitaka jina langu. Nalitaka, na leo nasema."

Mzee aliinamisha kichwa. Zaina alimtazama wifi yake kama ndiyo kwanza amemwona. Walimgeukia mwendesha baiskeli, naye akarudi nyuma hatua mbili. "Msiniulize mimi, ndugu zangu. Mimi nilikuwa nusu maiti."

"Chama kina utaratibu wake," Bwana Kaniki alisema. "Nyumba ikishindana, jina linatajwa na yule aliyemwekea mwamuzi wa mwisho sahani ya mwisho. Akishataja, tunachoma. Ni nani huyo?"

"Ni Mkunde," watu walijibu.

Mkunde alimgeukia. "Naruhusiwa kujitaja mwenyewe?"

Bwana Kaniki alikuna kidevu. "Unaruhusiwa. Tangu chama kianze, hajatokea aliyejitaja. Lakini unaruhusiwa."

Msumari ulikuwa mwekundu sasa. Bwana Kaniki aliukamata kwa koleo, akauelekeza kwenye ubao, akangoja. Mkunde alimtazama mzee aliyesikia wakati wengine walikuwa wakipiga soga. Aliitazama miguu ya wifi yake. Aliitazama mikono yake mwenyewe, yenye makovu ya mafuta ya moto ya miaka kumi na moja. Akafungua mdomo.

Hapo ndipo ninapowaachia nyinyi mliokaa mkinisikiliza. Mmoja alisikia, mmoja alibeba, mmoja alilisha, na ubao una nafasi ya jina moja. Je, ni nani aliyestahili? Na Mkunde akijitaja mwenyewe, ni nani kati yenu atakayethubutu kumlaumu?