Zamu ya Mwanakheri Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa!

Nyie watu wazima huko nyuma, mmeshiba mno? Paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo nguchiro waliishi kundi zima ndani ya kichuguu kimoja. Desturi yao ilikuwa hii: wengine wakila, mmoja hukaa juu kumwangalia mwewe. Akimwona, hupiga mluzi, pwiii! Wote shimoni. Akichoka, mwenzake hupanda, humgusa mkia, naye hushuka akale.

Palikuwa na nguchiro mmoja, jina lake Mwanakheri. Huyo alikuwa na macho! Mwewe akiwa bado kidoa tu angani, yeye keshapiga mluzi, pwiii!

Jumbe wao akafurahi. "Mwanangu, hakuna kama wewe. Kaa na leo."

Akakaa.

"Kaa na kesho."

Akakaa.

"Jumbe, nimechoka," akasema Mwanakheri. "Na mtoto hajanyonya."

"Vumilia, mama. Tukimweka mwingine tutaliwa."

Wakamsifu, wakamwimbia, wakaenda zao kula panzi. Hakuna aliyepanda kumgusa mkia. Masikini Mwanakheri! Akakonda, maziwa yakampungua.

Siku moja jua likawaka, likawaka. Macho yakafumba yenyewe. Akalala palepale juu.

Vuuu! Mwewe huyo! Kamnyakua mtoto wa Mwanakheri. Mtoto akalia, nyiii! Mama akashtuka, akaruka, akamng'ata mwewe mguu. Mwewe akamwachia mtoto, puu! Mzima, ila sikio moja limekwenda.

Jumbe akaja juu. "Umelala zamu!"

"Nimelala," akasema Mwanakheri, huku analia. "Nani alikuja kunipokea, Jumbe?"

Wenzake wakatazamana.

Jumbe akapanda kichuguuni mwenyewe, awaonyeshe kazi inavyofanywa. Jua likamchoma. Macho yakamtoka machozi. Haukupita muda, kichwa kikaanza kuinama: ndee, ndee. Akaona aibu, jamani, aibu kweli.

Akawapandisha wawili wasaidiane kuangalia, akapanga na wa kuwapokea. Kisha akashuka kumwomba radhi Mwanakheri. Akamkuta amelala fofofo, mtoto ananyonya. Hakumwamsha. Akasimama upande wa jua, akawakinga kwa kivuli chake, akangoja.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: hodari naye huchoka. Usimwongezee kazi kwa sababu tu hajaanguka bado.

Ngano yangu imefika mwisho. Haya, vyombo vya leo aoshe mwingine. Mama Tabu, aliyetupikia, akalale.