Kichwa cha Chewa kwa Bi Tunu

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme na majini, ni zamani za juzi tu, paliondokea mke na mume katika mji wa Tanga, mtaa wa Ngamiani. Mume akiitwa Mhina, fundi baiskeli. Mke akiitwa Kidawa, na Kidawa alikuwa na ulimi.

Msicheke mkasema nani hana ulimi. Ulimi wa Kidawa ulikuwa ulimi wa mtaa mzima. Harusi ikipikwa, masufuria yakipangwa uani, hakuna mpishi aliyethubutu kupakua kabla Kidawa hajaitwa. Akija, hukinga kiganja, hutonewa mchuzi, huramba, hufumba macho. Akisema "chumvi bado," huongezwa. Akisema "pakua," hupakuliwa. Hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini, na jina lile alilipenda kuliko bangili zake.

Kisha homa ikamshika. Ikamlaza siku kumi na mbili, na ilipoondoka ikaondoka na ulimi. Chai ikawa maji ya moto. Samaki akawa pamba. Kidawa hakumwambia mtu. Akapika kwa mazoea ya mkono tu, chumvi kiasi hiki, ndimu mbili, basi. Akipakua, humkazia mumewe macho mpaka ameze tonge la kwanza. Na Mhina kila siku husema neno lile lile: "Tamu." Jumatatu, tamu. Jumanne, tamu. Pilau ya Idi, tamu. Miezi minane tamu, na harusi tatu Kidawa alizikwepa kwa kusingizia kuumwa kichwa.

Ikafika siku ya kutimiza miaka ishirini na miwili ya ndoa yao. Ilikuwa Alhamisi. Mhina akajisugua mikono mpaka grisi ikatoka, akavaa shati jeupe.

"Mama Mwajabu," akamwambia mkewe, "leo jiko lipumzike. Twende kwa Bi Tunu tukale samaki."

"Samaki hata hapa wapo."

"Wapo. Ila leo nataka nikuone umekaa, na moshi unaingia macho ya mtu mwingine."

Kidawa akaenda, lakini kwa shingo upande. Kwake yeye kwenda kula ilikuwa sawa na kipofu kualikwa kutazama ngoma.

Kwa Bi Tunu watu walipaita baa ya samaki, na aliyesikia baa akaja na nia nyingine alirudi na nia yake, kwa maana kinywaji kikali kuliko vyote pale kilikuwa tangawizi. Iliitwa baa kwa ajili ya kaunta, ubao mmoja mrefu wa mvule, wageni upande huu, makaa upande ule, Bi Tunu na upawa wake katikati. Meza za kujificha hapana. Unachokula, jirani anakiona.

Na baa ile ilikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi huchomwa chewa mmoja mkubwa, akapewa mgeni mwenye siku yake: bibi harusi, au msafiri aliyerudi, au mzazi aliyejifungua salama. Mgeni hula nyama pamoja na majirani zake. Kichwa hakili. Kichwa hubaki kizima juu ya sinia, kisha mgeni humpa mtu mmoja, yule aliyeufanya mlo ule uwe mlo. Jina la aliyepewa huchongwa kwenye ubao, na mahali pale panakuwa pake mpaka mvule uoze. Bi Tunu alikuwa na usemi wake: "Kichwa hakiuzwi, kichwa hakigawanywi, kichwa hutolewa."

Walifika kabla ya magharibi, wakakaa. Kulia kwa Kidawa, mumewe. Kushoto kwake mzee mmoja mkavu, Shekue, aliyekuwa mpima mkonge shambani miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kushika singa, zile nyuzi za mkonge, na kusema hii daraja la kwanza, hii la pili, hii takataka. Kazi aliiacha, ile tabia hakuiacha.

Bi Tunu alipomtambua Kidawa akapiga makofi. "Leo Mungu kaniletea! Mwenzangu, nimefunga."

Maana Bi Tunu alifunga sunna kila Jumatatu na Alhamisi. Wapo wasemao mpishi aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Yeye hata hilo hakulitaka. Alhamisi chungu chake huonjwa na mgeni. Na pweza akitiwa chumvi mapema hukakamaa, kwa hiyo chumvi ya supu ya pweza hutiwa mwisho, kwa neno la muonjaji.

"Nionjee supu," akasema, akinyoosha upawa. "Wewe ukisema, nani mwingine nimuulize?"

Kaunta nzima ikageuka kutazama. Kidawa alipaswa kusema neno moja tu: siwezi. Hakulisema. Akakinga kiganja. Akaramba. Hakupata ila joto. Akafumba macho, kama zamani.

"Pakua," akasema.

Bi Tunu akasita. Alidhani chumvi hajatia. Akatazama kopo la chumvi, akamtazama Kidawa. Ulimi ule haujawahi kukosea. Basi labda alitia akasahau. Mhina naye alimtazama mkewe, akafungua kinywa, akakifunga, akaanza kuchezea kijiko.

Adhana ikasikika. Bi Tunu akafuturu kwa tende na funda la maji, akapakua mabakuli kumi na moja bila kuonja, maana neno la Kidawa lilimtosha, akaingia ndani kuswali.

Watu wakanywa. Mmoja akakohoa. Mmoja akatazama dari. Mmoja akauramba mdomo wake, akauramba tena, akautafuta utamu asiuone. Lakini nani abishane na ulimi wa Kidawa? Kila mtu alijidhania yeye ndiye mgonjwa. Mhina akanyanyua bakuli kwa mikono miwili, akasema kwa sauti, "Supu tamu hii!" Akaimaliza mpaka chini.

Shekue akaweka kijiko. "Supu hii chapwa. Haina chumvi hata punje. Maji niliyotawadhia yana ladha kuliko hii."

"Mimi naiona iko sawa, mzee wangu," akasema Mhina.

"Bwana fundi, katika nyinyi wawili mmoja hana ulimi na mwingine hana ukweli. Semeni yupi ni yupi, sisi wengine tuombe chumvi."

 Kidawa akasimama, akavuta mtandio. Hatua nne tu zilimtenga na mlango. Akazihesabu kwa macho. Kisha jicho lake likaangukia bakuli la mumewe. Lilikuwa jeupe, limekombwa, kana kwamba ndani yake palikuwa na asali. Akakaa tena.

"Asiye na ulimi ni mimi," akasema. "Tangu homa. Miezi minane sasa." Akageuka kulia. "Baba Mwajabu, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza uliporudi jikoni. Ule uji."

"Uji ulikuwa na nini?"

"Uliutia chumvi mahali pa sukari."

"Na pilau ya Idi?"

Mhina akajikuna shingo. "Mke wangu, usiku ule nililala na mtungi wa maji."

Mtu mmoja mwisho wa kaunta akapasuka kicheko. Kidawa aliitafuta hasira, na alikuwa na haki nayo, lakini kilichokuja si hasira: akacheka, akalia, vyote kwa pamoja, huku akimpiga mumewe begani. "Miezi minane unaniambia tamu! Mwongo mkubwa wewe! Miezi minane!"

Bi Tunu akatoka kuswali akawakuta hivyo, akaelezwa. Chungu chake kilikuwa kimeaibika mbele ya wageni kumi na mmoja. Mwingine angetupa upawa na maneno nyuma yake. Yeye alikusanya mabakuli, akairudisha supu chunguni, akatia chumvi. "Aliyeonja kaonja," akasema. "Aliyepika ni mimi." Kisha akamwinamia Kidawa. "Mlango wa mbele umefungwa, mwenzangu? Basi leo tupite uani."

Akamwekea kaa mzima na jiwe. "Vunja." Kidawa akavunja. Ganda likalia kwaa! na mvuke ukamgusa uso. Akamwekea kamba waliokaushwa na maganda yao. "Tafuna, usitafute utamu. Sikiliza." Akamwekea mkono wa pweza uliobabuliwa mpaka ncha zikajikunja. "Huyu mvute kwa meno, naye atakuvuta."

Kidawa akala kwa masikio. Akala kwa vidole. Mafuta yakamchuruzika mpaka viwiko, asijali. Akagombea gando la kaa na mumewe, akamshinda. Ndipo akagundua kwamba tangu alipoketi tena hajamtazama mtu usoni kuuliza chakula kikoje. Kwa miezi minane hilo halikuwahi kutokea.

Akaja chewa wa siku ile, sinia zima, na mgeni mwenye siku yake alikuwa Kidawa, kwa miaka yake ishirini na miwili ya ndoa. Bi Tunu alichukua ndimu, akaikata, akaibandika kwenye wavu juu ya makaa mpaka ikaungua nyeusi, akaikamulia nyama. Kidawa akachukua kipande. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Nyuma kabisa, pale magego yanapoishia, kitu kilimfinya.

"Ndimu," akasema.

Bi Tunu akaweka upawa chini.

"Ndimu hii. Imeungua."

"Na chumvi?" akauliza Bi Tunu polepole.

"Chumvi siijui. Samaki simjui. Ndimu naijua."

Mhina akageuza uso, akalaumu moshi.

Wakala na majirani mpaka nyama ikaisha. Kikabaki kichwa. Bi Tunu akafuta ubao, akalisukuma sinia mbele ya Kidawa. "Haya. Kichwa hakiuzwi, kichwa hakigawanywi, kichwa hutolewa. Anayekitaka aseme mwenyewe, asinong'one."

Mhina akasema: "Nakitaka mimi. Nani alimleta hapa? Nani alikula chumvi mahali pa sukari asikunje uso? Kila tonge nililimeza ili mke wangu asivunjike. Leo ndimu imerudi kwa kuwa yeye mwenyewe bado mzima, na aliyemweka mzima ni mimi."

"Ulimweka gizani," akasema Shekue. "Na upawa uliponyooshwa ulinyamaza. Ungesema neno, asingeaibika."

"Ningesema mimi, ningemwaibisha mimi."

Shekue akasema: "Basi nakitaka mimi. Miaka thelathini nimeita takataka takataka. Bila neno langu, bibie huyu angelala leo na siri yake, na kesho angepika tena kwa woga. Mlango uliofungwa miezi minane nimeupiga teke mimi."

Kidawa akamuuliza, "Mzee Shekue, uliupiga kwa ajili yangu?"

 Kudanganya mzee hakujua. "Hapana. Kwa ajili ya tumbo langu. Sikukujua, bibie, wala sikukuonea huruma. Lakini ukweli haukupungua kwa sababu hiyo."

Bi Tunu akafuta mikono, akafuta tena. "Miaka kumi na saba nimechonga majina ya watu kwenye ubao huu," akasema. "Langu halimo. Sijawahi kuliomba. Leo naliomba. Nilikuamini kuliko mkono wangu mwenyewe, ukaniangusha mbele ya wageni, nami nikakulisha. Ndimu ile niliichoma mimi. Ningependa nami Alhamisi moja nikae upande huo, niletewe."

"Lakini mpishi," akasema Mhina, "usingeweka chungu chako juu ya ulimi wa mtu mwingine, yote haya yasingekuwa."

"Na yasingekuwa," akajibu Bi Tunu, "ndimu angeionjea wapi?"

Wageni wakaanza kupiga kelele, huyu amchague mume, yule amchague mzee, wale wakampigia makofi mpishi. Kidawa hakuwasikiliza. Alikuwa na ndimu bado pembeni mwa taya, akiilinda kama mtu anayelinda mshumaa. Akakishika kichwa cha chewa kwa mikono miwili, kizito, cha moto, jicho jeupe likimtazama. Akainuka nacho. Mikono mitatu ikanyooshwa.

Mmoja alimficha ukweli kwa mapenzi. Mmoja alimpa ukweli bila mapenzi. Mmoja alimwamini, akaaibika, na bado akamlisha.

Haya, nyinyi mliosikiliza, msinitazame mimi. Sinia liko mbele yenu na kichwa kinapoa. Je, Kidawa akitoe kwa nani?