Ndoa ya Maua na Neno Lisiloonekana

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana mtandao ulishaingia majumbani, Mzee Shebe alikuwa na binti aitwaye Maua. Maua alikwenda kufanya kazi ng'ambo, akapata mchumba. Lakini wakwe wakamshuku. "Huyu hana kwao. Kwa sauti ya simu tu, hata jirani hukodiwa ajifanye baba. Tumwone baba yake kwa macho, kwa video, leo kabla ya adhana ya alasiri, la sivyo hakuna ndoa."

Basi kaka yake Maua, Kheri, akaleta kompyuta, ile inayoendeshwa na mfumo wa Linux, akatundika ukutani kisanduku cha mtandao. Kisanduku kikawaka taa. Kompyuta haikukiona ng'o!

"Inataka programu ndogo ya kukitambua kisanduku," akasema Kheri. "Iko mtandaoni."

Mkewe, Zuwena, akacheka. "Kumbe ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lake!"

"Simu zetu ni za tochi, hazina mtandao; lete yako tuiunge kwa waya. Kompyuta itavuta mtandao hapo."

Simu ya Zuwena ilikuwa imekufa kamera, ila mtandao wake mzima. Akaikumbatia. "Upate kunisomea ujumbe wangu? Thubutu! Ikiungwa hapo, kompyuta naigusa mimi peke yangu."

"Kompyuta itataka neno la siri, na neno langu sikupi!" akajibu Kheri.

Wakavutana weee, jua linapinda. Mzee Shebe akalia, "Jamani, mwanangu!" Ndipo Kheri akainama, akamnong'oneza mkewe neno. Zuwena akachomeka simu, akaandika. Kwenye kioo hapakutokea kitu, hata nukta. Akaandika tena. Patupu.

"Umenipa neno la uongo!"

"Linux haionyeshi neno la siri, mke wangu. Wewe andika tu, halafu ubonyeze—"

"Niandike hewani, nawe unichekee?" Akachomoa waya.

Adhana hiyo.

Shangazi Mize, dada yake Mzee Shebe, alikuwa kimya pembeni tangu asubuhi. Mara ndani ya khanga yake simu ikalia. Simu nzuri, kamera safi! Akaifungua: uso wa Maua, machozi matupu.

"Wakwe wameondoka. Baba, ulinikataza kumpigia shangazi, ati ana mdomo. Leo imenibidi."

Wote wakamgeukia Mize. "Simu unayo, ukatutazama tu?"

"Ningeitoa mngesema nawarekodi. Lini mliniamini, nyie?"

"Mimi neno nilitoa," akasema Kheri. "Waya sikuchomoa mimi."

"Na mimi simu nilitoa," akasema Zuwena. "Mtu anayenificha neno kutwa nzima, nimwaminije akilitoa?"

Maua akafuta machozi. "Nikirudi nyumbani nitashika mikono yote, isipokuwa mmoja. Baba, nitajie aliyenivunjia ndoa."

Mzee Shebe akaipokea simu mkononi mwa Mize.

Haya, wajukuu zangu, msitazamane, kila mtu ajibu lake. Je, mzee amtaje nani: Kheri, Zuwena, Mize, au ajitaje mwenyewe?